Injini ya Kumpandisha Arlys Mlimani

Verlyn Tiedeman alikuja kwenye karakana yangu mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala kwenye kivuli cha ukuta. Aliendesha ile pikipiki yake kubwa, ya silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, na ubavuni imefungwa kigari cha kupakia abiria. Ndani ya kigari alikaa mkewe, Arlys, amejifunika blanketi hadi kifuani. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Belle Fourche, Dakota Kusini, na injini za namna hiyo ndizo zilizonilisha umri wangu wote. Hata kabla Verlyn hajazima niliisikia: injini nzima, haina ugonjwa, ila imebebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Ujanani Arlys alikuwa akishindana kupanda kilima kwa pikipiki, ule mchezo ambao mtu huanzia bondeni akaenda wima mpaka pikipiki imtupe au kilima kiishe. Wanaume wengi wa huku waliwahi kulambishwa vumbi naye, na mimi nikiwamo. Verlyn alikuwa dereva wa lori kwenye machimbo ya udongo, mtu wa mwendo wa kadiri. Walipooana watu walishangaa. Nadhani Arlys alimpenda kwa kuwa ndiye mwanamume pekee ambaye hakuwahi kujaribu kumshinda.

Kisha ukamjia ule ugonjwa wa neva unaomla mtu taratibu. Ulianza na miguu. Akauza pikipiki yake, akahamia kiti cha nyuma cha mumewe. Miguu iliposhindwa hata kukaa juu ya vikanyagio, Verlyn akatafuta kigari, akakifunga. Mchana wa joto ndio uliomtesa zaidi, maana akishapata joto hata mikono ilikuwa ikigoma, asiweze kushika kikombe mpaka apoe.

Walinieleza yaliyowapata kiangazi kilichopita walipokuwa wakipanda milima ya Bighorn, kule Wyoming, safari waliyokuwa wakiifanya kila mwaka tangu harusi yao. Pikipiki ilitambaa. Verlyn alishuka gia hadi hakuna gia ya kushuka tena, na nyuma yao msururu wa magari ukarefuka. Mwishowe nyumba moja ya magurudumu, kubwa kama duka, ikawapita kwa shida, na mbwa aliyekuwa dirishani akawatazama mpaka walipopotea kwenye kona.

"Alituonea huruma," Arlys akaniambia. "Mbwa, Lowell. Maisha yangu yote sijawahi kuonewa huruma na mbwa."

Verlyn alitaka mambo mawili tu. Injini ivute, na idumu.

Nikawaeleza njia zilizopo. Huku kwetu ukubwa wa injini tunauhesabu kwa inchi za ujazo, na yao ilitoka kiwandani ikiwa na inchi tisini na sita. Njia rahisi ilikuwa kuzikereza silinda zile zile, kuzipanua tundu na kuweka pistoni nene zaidi. Lakini ukipanua tundu unapunguza ukuta, na ukuta mwembamba ukishika moto hupinda; tundu linaacha kuwa mviringo, ringi za pistoni zinaanza kupitisha oili, na baada ya muda injini inatoa moshi kama jiko la kuni. Njia ya pili ilikuwa kununua silinda mpya zilizomiminwa zikiwa na ukuta mnene tangu mwanzo, ukafika inchi mia na saba, bila kugusa kasha la chini la injini. Njia ya tatu ilikuwa kuitoa injini nzima kwenye fremu, kulikereza kasha lenyewe, kubadilisha kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na karibu kila kinachozunguka, ukafika mia na ishirini na nne. Hiyo ya tatu ina nguvu za kutisha. Pia ina joto la kutisha, na haikai miaka mingi kabla hujaifungua tena.

Nilipofika hapo akaingia Galen, kaka yake Arlys. Galen Oberlander ni fundi wa kukata kwato za ng'ombe, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia mifugo, na pikipiki yake ndiyo hiyo ya mia na ishirini na nne. Niliitengeneza mimi mwenyewe. Sikuweza kuisema vibaya, na wala sikutaka.

Alipojua tunachojadili alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Verlyn kwamba mia na saba ni injini ya mchungaji wa kanisa anayekwenda kuwatembelea wagonjwa. "Shemeji, umemwoa bingwa wa vilima," akasema. "Usimpakie kwenye mashine ya kukatia nyasi."

Verlyn hana mazoea ya kubishana na Galen. Huwa anasubiri mpaka Galen ajichoshe. Lakini safari hii aliyejibu alikuwa Arlys, na alikuwa upande wa kaka yake. Alitaka mia na ishirini na nne. Verlyn akamkumbusha kuhusu joto, kuhusu kuifungua injini kila baada ya miaka michache, kuhusu kudumu. Neno hilo la kudumu alilirudia mara nyingi.

Arlys akalitoa blanketi kifuani, akalikunja polepole.

"Verlyn, mpenzi," akasema, "injini idumu kuliko mimi ya nini?"

Galen aliangalia viatu vyake. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta spana iliyokuwa safi. Verlyn akasema tutazungumza siku nyingine, akaiwasha pikipiki, wakaondoka. Kwa majuma kadhaa sikusikia lolote kutoka kwao.

Mwezi wa tano ulipokuwa ukiisha, Arlys akaja tena, safari hii ndani ya gari la Galen. Galen alimbeba akamketisha kwenye kiti changu cha ofisini, chenye magurudumu, naye akaanza kujisukuma humo ndani akikagua kazi zangu kama mkaguzi. Akaniagiza niagize vipuri vya mia na ishirini na nne. Nikamuuliza Verlyn anasemaje. Akasema Verlyn hasemi kitu, na hilo ndilo tatizo lake tangu wamefahamiana.

"Basi na mimi sifungui injini ya nyumba moja kwa amri ya nusu ya nyumba," nikamwambia.

"Nusu yenyewe ndiyo yenye akili."

"Sibishi. Lakini nahitaji zote mbili."

Galen ndiye aliyeleta wazo. Pikipiki yake na ya Verlyn zina fremu ya aina moja. Kwa nini tusikihamishie kigari kwenye yake kwa siku moja, Arlys apande, ajionee? Akishaionja, Verlyn hatakuwa na la kusema. Nilimtazama nikaona anaamini kabisa. Galen ana makosa yake, lakini anampenda dada yake, na angeipanda pikipiki ile mpaka Kanada kama angeombwa. Nikakubali, kwa sharti kwamba Verlyn awepo.

Kukihamisha kigari kulinichukua asubuhi nzima, maana kigari kisipokaa sawasawa pikipiki huvutwa upande mmoja kama farasi mwenye jicho bovu. Tukaondoka mwezi wa sita, siku kavu isiyo na wingu. Galen alimpakia Arlys, Verlyn akafuata na pikipiki yake ikiwa peke yake, na mimi nikaja nyuma na gari langu la mizigo lenye vifaa.

Kipande cha kwanza, kutoka kwetu hadi Spearfish, ni barabara pana iliyonyooka. Galen aliifungulia mafuta yote. Nilikuwa mbali nao lakini nilisikia injini ile ikibadilisha sauti, na nikaona mkono wa Arlys ukipaa juu ya kigari, kiganja kikiwa wazi, ukikata upepo. Tuliposimama kituo cha mafuta uso wake ulikuwa umelowa machozi ya upepo na alikuwa akicheka kama msichana. Akamwambia mumewe kwamba hii sasa ndiyo pikipiki. Verlyn akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa anamtazama tu.

Kisha tukaingia kwenye bonde la kupandia kuelekea Lead. Barabara huko ni nyembamba, inapinda na mto, miamba imesimama pande zote mbili. Na huko walikuwa wanaweka lami mpya. Mwanamke mwenye kibao cha kusimamisha magari akatuzuia nyuma ya msururu mrefu, juani, na lami mbichi mbele yetu ikifuka. Tulikaa. Galen akazima, akawasha, akazima. Hatimaye gari la kutuongoza likatoka, na sote tukalifuata kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, tukipanda.

Injini ile nilikuwa nimeitengenezea mtu mmoja mkubwa anayependa barabara tupu. Nguvu zake ziko juu, unazikuta ukishaizungusha sana. Kule chini, kwa mwendo wa konokono na kigari ubavuni, ilikuwa inagonga na kusitasita, na Galen hakuwa na namna ila kuilazimisha kwa kushikilia klachi nusu nusu. Nilianza kusikia harufu ya klachi inayoungua nikiwa ndani ya gari langu. Na bomba la moshi la pikipiki hizi hupita upande wa kulia, upande ule ule wa kigari, karibu na mbavu za anayekaa humo.

Verlyn ndiye aliyeona. Aliitoa pikipiki yake kwenye msururu, akaipita pikipiki ya Galen, akasimama mbele yake. Arlys alikuwa ameegemea ukingo, macho wazi, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alijaribu kusema kitu na ulimi ukawa mzito. Mimi na Verlyn tukamnyanyua, yeye mabega, mimi miguu, tukateremka naye hadi kando ya mto penye kivuli cha misonobari. Verlyn akalowesha skafu yake, akamfunga shingoni, akalowesha tena. Alifanya haya bila haraka wala maneno, na nikajua amewahi kuyafanya mara nyingi ambazo hakuna mtu aliyeambiwa. Galen alisimama barabarani na kofia yake ya chuma mkononi, hajui aende wapi. Mwenye kibao akaja kutuuliza kama aite gari la wagonjwa. Verlyn akamwambia wasubiri kidogo, anahitaji kupoa tu.

Alipoa. Kwanza macho yakatulia, halafu ulimi ukarudi. Mikono ilibaki pale pale. Nilikuwa bado nimeshika miguu yake, nimeiweka juu ya goti langu ili isiguse mawe, kwa hiyo sikuweza kuondoka walipoanza kuzungumza.

"Hiki ndicho ninachokiogopa," Verlyn akasema. "Pale juu Bighorn hakuna simu inayoshika. Injini ikifa, wewe utakuwa juani ndani ya kile kigari, na mimi nitakuwa nimesimama nakutazama. Basi. Sina hofu nyingine."

Arlys aliyatazama maji.

"Ungesema hivyo tangu mwezi wa nne."

"Nilidhani unajua."

"Mimi nilidhani unajitengenezea ya baadaye," akasema. "Ya kuendesha nikishaondoka. Kila ukisema idumu, nilikuwa nakuona uko peke yako barabarani, na kile kigari umekiuza."

Nimemfahamu Verlyn miaka mingi na sijapata kumwona akikosa rangi usoni namna ile. Kisha akaketi pale kwenye mawe yaliyolowa, na suruali yake nzuri, akaweka paji lake la uso juu ya bega la mkewe. Arlys hakuweza kuinua mkono kumshika, kwa hiyo akamwegemezea kichwa. Mimi nikageuza uso nikaanza kuwahesabu samaki, ingawa hakukuwa na samaki.

Galen aliporudi kutoka barabarani hakufanya mzaha. Alisema tu kwamba yeye ni mpumbavu. Dada yake akamjibu kwamba hilo si habari mpya kwake, na kwamba kile kipande cha kwenda Spearfish kilikuwa kizuri kuliko chochote alichopata tangu auze pikipiki yake, kwa hiyo asijilaumu sana. Tulimrudisha nyumbani ndani ya gari langu, akiwa amekaa mbele ya matundu ya hewa baridi.

Juma lililofuata walikuja wote wawili, tukakaa chini kama watu wanaopanga kujenga nyumba. Tukaafikiana mia na saba, silinda mpya zenye ukuta mnene. Pistoni ngumu, zilizofuliwa badala ya kumiminwa, zisizokuwa na mgandamizo mkubwa, ili injini isigonge mlimani hata ukikuta mafuta duni. Kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, ya kuvuta kuanzia chini. Rejeta ndogo ya kupoza oili, yenye feni yake, na ngao ya chuma kati ya bomba la moshi na kigari. Springi ngumu zaidi ya klachi, na gia za mwisho fupi kidogo, kwa sababu kigari hakijali mbio.

Arlys alisikiliza yote, kisha akauliza kama injini hiyo itakuwa na uhai wowote. Nikamwambia itavuta kama trekta.

"Trekta nimekulia juu yake. Sijawahi kuliota hata siku moja."

Nikamweleza kwamba ipo kamshafti nyingine, inayopoteza kidogo sana kule chini lakini inapumua vizuri zaidi juu, na haiongezi joto la kutaja. Akamgeukia Verlyn. Verlyn akaniuliza mara mbili kama ina hatari yoyote kwa uhai wa injini. Nikasema kwa mwendo wake, hapana. "Basi weka hiyo," akasema, "na nikifika kwenye tambarare ya Gillette nitaifungulia mafuta yote, mara moja." Arlys akadai iwe mara mbili. Wakabishana kidogo, wakaachia hapo.

Nilipoifungua injini, kitu cha kwanza nilichopima kilikuwa kranki, maana huwezi kujenga juu ya kitu kilichopinda. Ilikuwa imenyooka. Silinda mpya nazo nilizipima juu, katikati na chini, pistoni nikaziachia nafasi kidogo zaidi ya ile niliyozoea kwa ajili ya joto la mlimani. Nilifanya kazi polepole kuliko kawaida. Verlyn alipita karibu kila jioni akirudi kutoka dukani, akasimama mlangoni, akaangalia, akaaga. Siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza alikuwepo, na alichosema ni kwamba inasikika kama inajua inachofanya.

Injini mpya lazima izoezwe kabla ya kupewa kazi, ringi zishikamane na silinda. Nilimwambia asiipige mbio wala asiiendeshe kwa mwendo mmoja, apande na kushuka, aiache ipoe kabisa. Arlys alikwenda naye kila siku na kila siku alilalamika. Aliniambia kwamba wameshalea watoto watatu kwa kelele chache kuliko hizi.

Tulikwenda Bighorn mwezi wa nane, sote wanne. Mimi sikuwa nimepata kwenda nao kabla ya hapo. Kwenye tambarare baada ya Gillette Verlyn aliifungulia kama alivyoahidi. Galen, aliyekuwa mbele, akaona kwenye kioo chake kwamba anafuatwa, na naapa nilimwona akikaza mkono. Hawakumpata, lakini kwa muda mrefu hakupata nafasi ya kutulia. Baada ya Buffalo tukaanza kupanda. Verlyn alishuka gia moja, akaishikilia hapo. Pikipiki ilipanda kwa mwendo wa magari mengine, kona baada ya kona, sauti yake ikiwa ile ile. Kwenye sehemu moja ya kuegesha akasimama kwa hiari yake, akavua glavu, akaweka kiganja chake ndani ya kigari, ubavuni, kupima joto. Akairudisha glavu, akaendelea.

Kileleni upepo ulikuwa baridi na vipande vya theluji chafu vilikuwa bado vimejificha chini ya mawe. Galen alitusubiri ameegemea pikipiki yake, akila tufaha. Arlys alivua kofia yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka mapajani. Alikaa akitazama upande wa magharibi tulikokuwa tunakwenda. Verlyn alisimama kando yake, mkono wake umeshika ukingo wa kigari. Kisha Galen akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye njaa, tukateremka hadi Ten Sleep tukala nyama na pai.

Miaka imepita tangu hapo. Galen ameifungua injini yake tena, kama alivyojua ataifungua, na hajuti hata kidogo. Ya akina Tiedeman nimeigusa kwa sababu ya gasketi moja iliyovuja; nilipochungulia ndani, mistari ya kukereza ilikuwa bado inaonekana kwenye ukuta wa silinda, yaani haijaanza kulika. Arlys hali yake imeshuka. Hawezi tena kukaa wima bila kushikiliwa. Majira ya baridi yaliyopita nilikitoa kiti cha kigari, nikamtengenezea kingine chenye mgongo mrefu na mikanda ya mabegani kutoka kwenye gari la mashindano, na yeye akanisimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho, akisema kushoto kumebana, kulia kumelegea, mto huu ni mgumu. Mwezi wa saba wanataka kwenda Montana, kwenye barabara ya Beartooth, ambayo ni ya juu zaidi. Verlyn ameshanipigia simu akitaka oili ibadilishwe mapema, na Arlys alikuwa nyuma yake akimwambia aniulize kuhusu tairi.